Nimejifungua tangu jana, ziwa linatoa matone tu. Maziwa yanatengenezwa lini mwilini?

#1 Mzazi wa Limbani (Jumatatu, saa 4:20 usiku)

Assalaam alaykum wanajamvi. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba mtoto. Nimejifungua jana Jumapili alfajiri, mtoto wa kike, kilo 3.1, uzazi wa kwanza, bila upasuaji, alhamdulillah. Niko kwa mama yangu hapa Wete.

Tangu hapo nikiminya ziwa linatoa kitu cha njano kizito. Tone, nangoja, tone jengine. Leo mchana nimekamulia kwenye kijiko cha chai, hakikujaa. Mtoto ananyonya, analala dakika kumi, anaamka analia.

Mama ananiambia ningoje. Mavyaa, mama wa mume wangu, kaja kutoka Konde, kasema hayo ya njano ni dang'a, uchafu uliokaa kifuani miezi tisa, nikamue nimwage, na mtoto apewe maji ya sukari mpaka yashuke meupe. Sitaki kumvunjia heshima, ni mtu mzima na ananipenda. Kikombe kishakorogwa, kiko juu ya meza hapa kimefunikwa kisahani.

Mie nataka kuelewa. Mwili unaanza lini kutengeneza maziwa? Kama ni tangu mimba, mbona hayapo? Kama ni baada ya kuzaa, nani anauambia mwili kwamba nishazaa?

#2 Karafuu Mbichi (saa 4:31)

Wa alaykum salaam. Hongera, Mungu amkuze. Dawa yake pweza. Mwambie mumeo alfajiri awahi dikoni. Mke wangu mara zote tatu nilimchemshia pweza mwenyewe kwa mikono yangu, pilipili manga na ndimu, bila mafuta. Siku ya tatu kanga haikauki kifuani.

#3 Mama Wanne wa Makunduchi (saa 4:40)

Mwanangu, dang'a usimwage. Wa kwanza wangu nililimwaga lote kwa kusikiliza watu, nikampa maji ya sukari kwa pamba. Akaharisha wiki nzima, na ziwa akalikataa kwa sababu keshazoea pamba. Hao watatu waliofuata niliwatia ziwani nikiwa bado sijatoka kitandani pa kuzalia. Mpaka leo yule wa kwanza nikimtazama najilaumu, ingawa ni mwanamme wa miaka ishirini na sita sasa na ana afya yake.

#4 Nesi wa Usiku (saa 5:15)

Hongera bibie. Nimekaa wodi ya wazazi miaka kumi na saba, Unguja na Pemba. Ntaanza na hilo swali lako la mwisho, maana wazazi wengi hawaulizi.

Ziwa lako limeanza kazi zamani. Mimba ikishika tu, homoni zake zinaanza kujenga. Estrojeni inarefusha mirija na kuitawanya, projesteroni inaotesha vifuko vidogo vidogo kwenye ncha za mirija. Chukua shada la karafuu ulitazame: makonyo ndiyo mirija, vichwa ndiyo vifuko. Maziwa yanatengenezwa kwenye vichwa na kushuka kwa makonyo. Mimba ikifika kama wiki ya 16, vifuko vinaanza kutoa dang'a. Ndiyo maana wengine mimba ikiwa na miezi mitano au sita wanaona doa la njano kwenye nguo.

Homoni inayoamrisha maziwa yenyewe ni prolaktini. Inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na mpaka siku ya uchungu imeshapanda zaidi ya mara kumi ya kawaida yake. Kwa hiyo amri ipo na vifuko vipo. Kinachozuia ni zalio, yaani kondo la nyuma. Zalio linamwaga projesteroni nyingi kwenye damu, na projesteroni ikiwa juu vifuko havifungui. Zalio likitoka, projesteroni inaporomoka, na prolaktini inapata njia.

Aliyeuambia mwili kwamba ushazaa ni zalio lako, kwa kuondoka kwake.

Ila haiwi saa hiyo hiyo. Kwa wengi maziwa yanajaa baina ya saa 48 na 72 baada ya zalio kutoka, na uzazi wa kwanza huchelewa zaidi kidogo. Wewe una saa 41. Hicho kikombe usimpe. Mtie ziwani kila akitaka, mchana na usiku, mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku au zaidi. Kijiko kisichojaa ndicho kiasi chake, tumbo lenyewe dogo.

#5 Bint Micheweni (saa 5:32)

Alosema #4 yamenipata mimi mwenyewe. Mwanangu wa pili, siku ya sita hakuna kitu, ziwa laini kama sijazaa. Na damu inatoka mabonge mabonge. Nilipozalia, pahala sitopataja, waliniambia kila kitu kimetoka. Homa ilipopanda nikapelekwa kwengine, wakakuta kipande cha zalio kimebaki. Nikasafishwa Alhamisi. Ijumaa usiku niliamka maziwa yamejaa mpaka nikashindwa kulalia ubavu. Siku zote nilidhani ni dawa za hospitali. Leo ndiyo nafahamu kumbe kile kipande kilikuwa kinaendelea kuuambia mwili kwamba mimba ipo.

#6 Nesi wa Usiku (saa 5:40)

Ndivyo hasa, na pole sana. Mzazi ambaye siku ya nne ziwa halijabadilika, na damu nyingi au homa, aende hospitali asingojee arobaini. Wengine wanaochelewa ni waliopasuliwa, wenye kisukari, na waliopoteza damu nyingi sana wakati wa kuzaa. Damu ikipungua mno ile tezi chini ya ubongo inaweza kudhurika, na kuna wanaokosa maziwa moja kwa moja kwa sababu hiyo. Ni wachache, lakini nimewaona.

#7 Mzazi wa Limbani (saa 5:58)

Ahsanteni. Nimewasomea kwa sauti, mama na mavyaa wote wako hapa ukingoni mwa kitanda. Mavyaa ana maswali mawili, kasema niwaulize kama alivyoyasema: kama si uchafu, mbona njano? Na kitu kilichokaa miezi hakiozi?

#8 Mwalimu wa Sayansi Chake (Jumanne, saa 12:50 asubuhi)

Bi mkubwa shikamoo. Hiyo njano ni ile ile ya boga na karoti, rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Dang'a lina protini nyingi kuliko maziwa ya baadaye, na sehemu kubwa ya protini hizo ni kinga. Mtoto anazaliwa na utumbo usio na kinga, dang'a linaupaka ndani kama chokaa inavyopakwa ukutani, vijidudu visipate pa kushika. Na linamsukuma atoe kile choo cheusi cha mwanzo kinachonata kama lami.

Kuoza halijaoza, kwa sababu halikukaa. Vifuko vinatengeneza, mwili unalinyonya tena, vinatengeneza jengine. Na si miezi tisa, ni kuanzia katikati ya mimba, kama alivyosema Nesi.

#9 Kizee wa Kengeja (saa 1:20 asubuhi)

Mie nna miaka sabini na mbili, naandikiwa na mjukuu. Sisi tuliambiwa maziwa ni damu. Damu ya mwezi haikutoka miezi tisa, ikapanda kifuani ikageuka nyeupe. Ndiyo maana mwanamke anayenyonyesha haendi mwezini. Na mzazi hupewa uji wa pilipili manga wa moto ili damu ichemke igeuke upesi. Pweza ni chakula kizuri lakini si dawa. Uji, mwanangu, asubuhi na jioni, na tangawizi, na mdalasini. Na ukandwe.

#10 Karafuu Mbichi (saa 1:34)

Shikamoo bibi. Lakini pweza ni dawa.

#11 Nesi wa Usiku (saa 2:05)

Marahaba ya bibi naipitia na mimi, shikamoo. Bibi hukukosea sana. Damu yenyewe haigeuki, lakini kila kilichomo kwenye maziwa asili yake ni damu. Chembe za vifuko zinachukua maji, sukari, mafuta na vijenzi vya protini kutoka kwenye damu inayopita, zinafinyanga upya. Ile sukari ya maziwa inatengenezwa humo humo ziwani, na ndiyo inayovuta maji kuingia kwenye kifuko. Siku ya pili na ya tatu sukari hiyo inapanda ghafla, maji yanaifuata, ndipo mzazi anahisi ziwa limejaa zito. Karibu sehemu 87 katika 100 za maziwa ni maji.

Na mwezi kutokutoka, hiyo pia ni kazi ya kunyonyesha: mnyonyo wa mara kwa mara unazuia yai lisipevuke. Mliona jambo la kweli, mkalipa sababu nyengine.

Nami leo zamu imekwisha, nalala.

#12 Maalim wa Mtaani (saa 2:40)

Allah anasema katika Suratun Nahl aya ya 66 kuhusu wanyama wa mifugo, kwamba tunanyweshwa maziwa safi yatokayo baina ya mabaki ya chakula na damu. Baina. Kwa hiyo #9 na #11 mmekaa pande mbili za jambo moja.

#13 Mchaichai (saa 3:15)

Naomba kuuliza kuhusu hizo supu. Mdogo wangu alipewa pweza, uji, uwatu, boga, mbegu za mabungo, kila mtu na chake, na maziwa yakaja siku ya tatu. Sasa kilichofanya kazi kipi?

#14 Karafuu Mbichi (saa 3:22)

Pweza.

#15 Mama Wanne wa Makunduchi (saa 3:30)

Kaka weye! Hao wangu watatu sikula pweza hata kipande, nikimnusa tu natapika, na maziwa yalikuja siku ile ile ya tatu.

#16 Karafuu Mbichi (saa 3:41)

Mtoto wangu wa tatu maziwa yalikuja siku ya pili. Pweza alikuwa mkubwa kuliko wa mwanzo wote, kilo tatu na kitu. Sielezi zaidi.

#17 Mwalimu wa Sayansi Chake (saa 4:10)

Uzazi wa tatu maziwa huwahi kuliko wa kwanza, pweza awepo asiwepo. Mimi sikatai supu: mzazi katokwa na jasho na damu, anahitaji maji, chumvi, protini. Lakini kunywa kupita kiu hakuongezi maziwa. Uwatu wako wanaousifu, jasho linanukia kama sharubati, ila unashusha sukari ya damu, kwa hiyo mwenye kisukari asijitibu peke yake. Kinachoongeza maziwa bila shaka ni maziwa kutoka. Ziwa likikaa limejaa, lenyewe linapunguza kutengeneza. Likinyonywa likaisha, linaharakisha. Na kila ziwa linajihesabia lake.

#18 Baba Pacha wa Mwera (saa 4:25)

Hilo la #17 ni kweli tupu. Sisi tulizaa pacha, majirani wote wakasema mama mmoja hawezi, nunueni kopo. Mke wangu akakataa. Alikuwa anawaweka wote wawili kwa pamoja, kila mmoja na upande wake, miguu imepita chini ya kwapa zake, mito minne. Mie kazi yangu ilikuwa kupanga mito na kumnywesha maji kwa sababu mikono yake yote imeshika. Walikwenda hivyo miezi sita hawajaonja kitu chengine. Mwezi wa saba ndiyo tukaanza uji.

#19 Wifi Mkubwa (saa 4:50)

Mmesema yote mmeacha jicho. Mzazi wa kwanza, mtoto mzuri wa kilo tatu, watu wanaingia wanatoka, kila mmoja anataka kuona ziwa limejaa au halijajaa. Dada yangu alikuwa na maziwa ya kumwagika. Akaja jirani akasema "we, maziwa yote hayo ya mtoto mmoja?" bila mashaallah. Jioni ile ile ziwa kavu. Kavu! Mpaka akasomewa. Mleta uzi, jifunike.

#20 Mwalimu wa Sayansi Chake (saa 5:05)

Jifunike, hilo naunga mkono kwa sababu nyengine. Kuna kutengeneza maziwa na kuna kuyaachia, ni mambo mawili. Yaliyomo kwenye vifuko hayatoki mpaka misuli midogo iliyovizunguka iminye. Anayeiamrisha ni homoni ya pili, oksitosini, nayo inatoka kwenye ile ile tezi mtoto anaponyonya, hata mama akimsikia analia. Mama akiona haya, akiogopa, akisikia maumivu makali, inazuilika. Maziwa yamo, hayashuki. Dada yako aliposemwa vile moyo ulimruka, aliposomewa akatulia.

#21 Wifi Mkubwa (saa 5:09)

Kwa hiyo jicho lipo, umelipa jina jengine tu.

#22 Abiria wa Mkoani (saa 6:30 mchana)

Nimeishuhudia hiyo oksitosini baharini. Mtoto wangu ana miezi mitano, nilimwacha Unguja kwa dada yangu, mimi nikapanda boti kuja Mkoani kwenye msiba. Nimekaa viti vya ndani, baibui jeusi, sina habari. Kule nyuma mtoto wa mtu akaanza kulia, kilio kile cha njaa. Simjui, simwoni. Nikahisi kama sindano nyingi ndogo zinachoma kifuani, joto, halafu maji. Pande zote mbili. Nikabana mikono, wapi. Mama mmoja mtu mzima pembeni yangu akanitazama, hakusema neno, akavua mtandio wake akanifunika. Mpaka tunateremka gatini hakuniuliza jina. Namuombea dua kila nikipita pale.

#23 Nesi wa Usiku (saa 10:00 jioni)

Nimeamka nimekuta mmefika mbali. Kwa #22, njia ya kuzuia ni kubonyeza viganja kifuani kwa nguvu, moja kwa moja, kama unahesabu mpaka sitini.

Mleta uzi, nipe habari: nepi ngapi za mkojo tangu asubuhi? Choo bado cheusi? Na ukinyonyesha unasikia tumbo la chini linakata?

#24 Mzazi wa Limbani (saa 10:35)

Nepi mbili za mkojo, choo mara mbili, cheusi kimeanza kuwa kama kijani. Na tumbo, ndiyo, akishika ziwa tu linakata. Mavyaa anasema hilo ni chango la uzazi, kanichemshia dawa ya mizizi. Kikombe cha maji ya sukari sikukigusa. Asubuhi nimekikuta kimejaa sisimizi, mama kakimwaga nje bila kusema kitu. Mavyaa hakusema kitu pia.

#25 Nesi wa Usiku (saa 10:50)

Vizuri. Siku ya pili nepi mbili ndiyo kawaida, na ikifika siku ya tano ziwe sita au zaidi. Uzito akipungua kidogo usishtuke, karibu wote wanapungua siku za mwanzo. Alichopungua kikikaribia sehemu ya kumi ya uzito wake wa kuzaliwa ndiyo aonwe haraka.

Hilo chango nalipenda kulieleza. Ile oksitosini ya #20 haiminyi ziwa peke yake, inaminya na mfuko wa uzazi. Mtoto akinyonya, mfuko unajikunja, unarudi udogo wake na damu inapungua. Maumivu hayo ni ishara kwamba amri inafika. Uzazi wa pili na wa tatu yanazidi. Mizizi usinywe sasa, inapita kwenye maziwa na hatujui kiasi chake. Kukandwa sawa, kitambaa cha maji ya moto yanayovumilika mkononi, si ya kuunguza.

Na namna ya kumshika: tumbo lake likutane na tumbo lako, mdomo uwe wazi sana kama anapiga miayo, aingize na ile sehemu nyeusi, hasa ya chini, isiwe chuchu tu. Kidevu kiguse ziwa. Ukisikia mlio wa kubusu, mtoe kwa kidole kidogo pembeni ya mdomo, uanze tena. Nusu ya wanaoniambia hawana maziwa, nikimgeuza mtoto tu mambo yanabadilika.

#26 Mjukuu wa Bi Mkubwa (saa 1:15 usiku)

Mmenikumbusha jambo la kwetu Kojani. Mama yangu mdogo alifariki wakati wa kuzaa, mtoto akabaki. Bibi yangu alikuwa na zaidi ya miaka arobaini, mtoto wake wa mwisho keshaacha ziwa miaka sita. Usiku mtoto alikuwa akilia, bibi kamtia ziwani kumnyamazisha tu, hakuna kitu. Kesho yake tena. Na maziwa ya mbuzi kwa kijiko pembeni. Wiki ya tatu ziwa likaanza kutoa. Akamnyonyesha mwaka na nusu. Watu wakasema ni karama ya marehemu. Sasa #4 umesema zalio ndilo linaloamua. Bibi hakuwa na zalio wala mimba. Elezeni.

#27 Nesi wa Usiku (saa 1:40)

Nilieleza mlango unavyofunguka kwa aliyezaa. Kwa bibi yako projesteroni haikuwa juu, kwa hiyo hapakuwa na wa kuzuia, na vifuko alishavijenga kwenye mimba zake. Kilichokosekana ni prolaktini, na mnyonyo wenyewe unaipandisha. Inataka subira ya wiki nyingi, na wengi hawafikii maziwa ya kumtosha mtoto peke yake. Bibi yako Mungu amrehemu.

#28 Mama Wanne wa Makunduchi (saa 1:44)

Na karama usiiondoe. Tezi ngapi zinanyonywa na hazitoi.

#29 Maalim wa Mtaani (saa 2:10)

Hapa pana jambo zito, msilipite. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto chini ya miaka miwili akinyonya minyonyo mitano mbalimbali kwa mwanamke, huyo ni mama yake wa kunyonya. Suratun Nisaa aya ya 23 imewataja. Mtoto huyu wa Kojani kanyonya kwa bibi yake, basi wajomba na mama wadogo zake wote wamekuwa ndugu zake. Na watoto wao, ambao kwetu tungewaita binamu na tungewaoza, kwake ni watoto wa ndugu. Hawaoi hata mmoja. Ndugu yangu #26, familia inajua?

#30 Mjukuu wa Bi Mkubwa (saa 2:31)

Inajua sasa. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alichumbiwa na mtoto wa mjomba, mahari yashatajwa. Bibi akasimama mwenyewe mbele ya wazee, akaweka mkono kifuani, akasema "huyu wangu." Shughuli ikaishia hapo. Kaolewa Chwaka, ana watoto watatu.

#31 Mtoto wa Kidike (saa 2:50)

Mimi naishi karibu na popo wetu, wale wakubwa wanaopatikana Pemba tu. Nao wananyonyesha! Popo jike chuchu zake ziko karibu na kwapa, mwanawe anamng'ang'ania kifuani wakiwa wananing'inia kichwa chini. Sasa maziwa yanashukaje wakati yanatakiwa yapande?

#32 Karafuu Mbichi (saa 2:55)

Tumetoka dang'ani tumefika Kidike. Kesho tutafika Misali.

#33 Mwalimu wa Sayansi Chake (saa 3:05)

Ni swali zuri, usimkatishe. Maziwa hayatoki kwa uzito wake kama maji ya mtungi. Misuli ya vifuko inayasukuma, na ulimi wa mtoto unavuta. Hata mzazi akilala chali yanatoka. Neno "kushuka" ndilo linalotudanganya.

#34 Mzazi wa Limbani (Jumatano, saa 11:50 alfajiri)

Wanajamvi. Niliamka adhana nikasikia baridi kifuani, nikadhani nimemwagikiwa maji. Kanga imelowa mpaka shuka. Ziwa limekuwa zito, la moto, mishipa ya kijani imetoka. Nimemtia mtoto, mara ya kwanza nasikia anameza: kh, kh, kh, anapumzika, kh, kh. Yamemtoka pembeni ya mdomo, meupe yenye njano kidogo. Kaachia mwenyewe, ngumi zimefunguka, kalala. Mama analia, mavyaa analia, na mie.

#35 Karafuu Mbichi (saa 12:10 asubuhi)

Alhamdulillah! Ulikula pweza?

#36 Mzazi wa Limbani (saa 12:40)

Mume wangu alimleta jana mchana, nikanywa supu bakuli mbili. Mama alinipa uji wa pilipili manga jana asubuhi na jioni. Na mavyaa usiku kaniletea kombe kutoka kwa mwalimu wake Konde, maandishi ya zafarani, nikanywa na nikajipangusa kifuani. Kila mmoja hapa nyumbani anajua kilicholeta maziwa.

#37 Nesi wa Usiku (saa 1:00)

Na mimi nimehesabu: saa 72 kamili. Hongera. Leo na kesho litakaza, mnyonyeshe mara kwa mara, na likikaza hata mtoto hashiki, kamua kidogo kwanza lilainike. Usiku usiruke, prolaktini huwa juu zaidi usiku. Ukiona pahala pekundu pa moto na homa, nenda kituoni, lakini kunyonyesha usiache.

#38 Kizee wa Kengeja (saa 1:25)

Uji uendelee mpaka arobaini.

#39 Wifi Mkubwa (saa 1:30)

Na picha ya mtoto usiweke hapa.

#40 Mzazi wa Mahonda (saa 3:45)

Samahani kuingilia, nimesoma wote. Mimi mtoto ana miezi miwili. Ziwa la kulia linatoa mengi, la kushoto kidogo tangu mwanzo, na nanyonyesha kote sawa. Mama anasema la kulia ni la chakula na la kushoto ni la maji. #17 kasema kila ziwa linajihesabia lake, lakini kama nayapa sawa, mbona hesabu tafauti?

#41 Mama Wanne wa Makunduchi (saa 3:52)

La chakula na la maji si kweli, maziwa ni yale yale. Ila wangu wote wanne walipenda la kushoto, nalo ndilo lililokuwa na mengi. Sijui lipi lilitangulia.

#42 Karafuu Mbichi (saa 3:58)

Mke wangu la kulia.

#43 Nesi wa Usiku (saa 4:20)

Mzazi wa Mahonda, niambie kwanza unaanza na lipi usiku, na mkono gani unalalia. Naingia kazini, ntasoma nikitoka.